Usikonde: Shinikizo la Wembamba na Jeraha Lisiloonekana

Mtu mwenye majonzi huliwazwa kwa Kiswahili kwa neno moja: "Usikonde." Anayelitamka hazungumzii kilo wala chakula. Anamtaka mwenzake aondoe wasiwasi. Waliolipa neno hilo maana hiyo walikuwa wamechunguza wakaona kwamba dhiki ya moyo haifichiki. Huula mwili kidogo kidogo hadi mashavu yakabonyea na mifupa ya mabega ikatokeza. Kukonda kulikuwa dalili ya mtu aliyelemewa na ulimwengu, na jamaa na majirani walipoiona dalili hiyo waliulizana kulikoni.

Hali hiyo imepinduka. Katika mabweni ya vyuo vikuu vya Kenya, katika afisi za mijini na katika maandalizi ya harusi, kukonda kumekuwa lengo linalotafutwa kwa fedha na kwa njaa. Msichana aliyepungua huambiwa amependeza, naye aliyeongezeka huulizwa kwa kicheko kama siku hizi anakula chakula cha bweni zima. Zamani wasiwasi ndio uliomkondesha mtu. Siku hizi kutokonda ndiko kunakomtia wasiwasi. Mageuzi haya hayakuletwa na maumbile. Yameletwa na jamii, yanaendelezwa kwa maneno ya kila siku, na gharama yake inalipwa na akili za vijana. Maadamu maneno ndiyo chombo chake, wanaojifunza na wanaofunza Kiswahili hawawezi kulitazama suala hili kwa mbali kana kwamba ni la madaktari peke yao.

Neno na historia yake

Kiswahili hakijawahi kuwa na msimamo mmoja kuhusu mwili. Mwanafunzi wa shule ya msingi aliyejiandaa kwa mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, alikariri tashbihi "kukonda kama ng'onda", yaani kama samaki aliyepasuliwa na kukaushwa. Mtu mrefu mwembamba aliitwa kimbaumbau. Mnene aliitwa tipwatipwa. Haya yote ni maneno ya mzaha. Lakini palikuwa pia na maneno ya sifa: kunawiri, kuwanda, kuwa na siha. Aliyerudi kutoka safarini akiwa amenawiri alisifiwa kwa kuwa mwili wake ulishuhudia kwamba huko alikokuwa alikula, alilala na alipendwa.

Miaka ya 1980 na 1990 ilililetea neno "kukonda" hofu mpya. Ukimwi ulipoanza kuwaangamiza watu katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, wananchi waliuita "slimu", kutokana na neno la Kiingereza la wembamba, na mwaka wa 1985 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makala kuhusu ugonjwa huo kwa jina hilohilo. Nchini Kenya, ambako serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, aliyekonda alitazamwa kwa jicho la pembeni na minong'ono ikamfuata hadi kaburini. Si wengi waliopenda kuambiwa "umekonda" siku hizo.

Ni jambo la kustaajabisha, basi, kwamba wana wa watu walioishi na hofu hiyo ndio wanaolipokea neno lilelile kama pongezi. Limetoka katika msamiati wa matanga likaingia katika msamiati wa urembo, na wazee waliolisikia kwa maana ya kwanza wangali hai. Wanaisimu hawashangazwi na mabadiliko ya maana. Wanajua kwamba jamii ikigeuka, neno hugeuka nayo. Lakini mabadiliko haya yana ushahidi ndani yake. Kama wembamba ungekuwa uzuri kwa asili yake, usingeweza kuogopwa jana na kuabudiwa leo.

Hata hivyo, wanaotamani kurudi kale wasidhani kwamba kale palikuwa salama. Huko Mauritania, desturi iitwayo leblouh imewalazimisha wasichana wadogo kunywa maziwa na kula kupita kiasi ili wanenepe na waonekane wamefikia kuolewa. Msichana anayelishwa kwa nguvu huko na msichana anayejinyima chakula jijini Nairobi wanatii amri moja: kwamba mwili ni mali ya macho ya wengine. Kilichotofautiana ni upande ambao mizani imeamriwa ielemee. Pwani ya Kenya nako urembo umekuwa na masharti yake. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858, unamwelekeza binti ajipambe kwa ajili ya mumewe. Lakini mapambo yanayotajwa humo, kama vile hina, pete na manukato, ni vitu ambavyo mwanamke hujitia kisha vikamtoka. Aliyechoka na pete huivua akalala. Anayetakiwa kuugeuza mwili wenyewe kuwa pambo hana pa kuuvulia.

Picha na mizani

Mfano ulio wazi wa namna jamii inavyoweza kufunzwa kuuchukia mwili wake ulipatikana mbali na Afrika, katika visiwa vya Fiji. Huko nako mwili uliojaa ulikuwa dalili ya mtu anayetunzwa na watu wake, na aliyekonda alihurumiwa. Televisheni iliingia katika eneo la Nadroga mwaka wa 1995. Mtafiti Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahoji wasichana wa shule za sekondari mwaka huohuo, kisha akawahoji wengine wa rika hilo mwaka wa 1998. Katika kundi la kwanza hapakuwa na hata mmoja aliyesema kwamba alijitapisha ili apunguze uzito. Katika kundi la pili, asilimia 11.3 walisema hivyo, na asilimia 74 walieleza kuwa angalau mara mojamoja walijiona wanene kupita kiasi. Makundi yenyewe yalikuwa madogo, wasichana wasiozidi 70 kila moja, na utafiti wa namna hiyo hauwezi kuithibitisha televisheni kuwa chanzo pekee. Lakini miaka mitatu ni muda mfupi mno kwa jambo lililokuwa halipo kuota mizizi.

Kazi iliyofanywa na televisheni Fiji inafanywa sasa na simu nchini Kenya, tena kwa ukaribu zaidi. Televisheni huachwa sebuleni. Simu hulala chini ya mto. Mwaka wa 2021 nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook zilivuja, na ndani yake watafiti wa kampuni hiyo walikuwa wameandika kwamba miongoni mwa wasichana wabalehe waliojisikia vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwafanya wajisikie vibaya zaidi. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha zinazoelea katika simu hizo zimeundwa pia: kiuno kimepunguzwa, mkono umenyooshwa, ngozi imefutwa kila doa. Nchini Ufaransa, sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2017 inataka picha ya kibiashara iliyorekebishwa ili kubadilisha umbo la mwanamitindo itiwe alama ya kuonyesha hivyo. Mwanafunzi anayeitazama picha ya aina hiyo isiyo na alama hujilinganisha na mtu asiyekuwapo duniani.

Hata wale wanaotumiwa kama vielelezo huumia. Mwaka wa 2006 wanamitindo wawili wa Amerika ya Kusini walifariki katika kipindi cha miezi michache: Luisel Ramos wa Uruguay, aliyekuwa na umri wa miaka 22, na Ana Carolina Reston wa Brazili, aliyekuwa na miaka 21. Vifo vyote viwili vilihusishwa na kujinyima chakula. Mwaka huohuo waandalizi wa maonyesho ya mitindo ya Madrid waliwazuia wanamitindo waliokonda kupita kiwango fulani wasipande jukwaani. Ajabu ni kwamba mashindano ya ulimbwende katika vyuo vikuu yanaendelea kuiga mwendo na vipimo vya majukwaa hayo, huku yakitangazwa kuwa sherehe za utamaduni.

Kuna na suala la tarakimu. Kandokando ya barabara za Nairobi huketi vijana wenye mizani, na mpita njia hulipa shilingi chache apande aambiwe uzito wake. Anaondoka na nambari ambayo huenda ikamharibia siku nzima. Kipimo kinachotumiwa sana hospitalini, cha kulinganisha uzito na kimo, kina asili katika kazi ya mwanahisabati Mbelgiji wa karne ya 19, Adolphe Quetelet, aliyetaka kueleza umbo la wastani la umati wa watu. Kipimo hicho kina manufaa yake kwa daktari anayejua mipaka yake. Kikifika mikononi mwa mtu anayejichukia, kinakuwa hukumu isiyo na rufaa.

Fasihi ya Kiswahili nayo haina budi kujibu. Msomaji wa riwaya na hadithi fupi amezoea kumkuta mhusika wa kike akiletwa ukumbini kwa kiuno cha nyigu, shingo ya twiga na miguu ya chupa, kabla hajatamka neno wala kutenda jambo. Wanafunzi huyabeba maelezo hayo hadi katika insha zao, na wasahihishaji huyapa alama kwa utamu wa lugha. Isitoshe, maelezo hayo yanadai mambo yasiyopatana: kiuno kiwe cha mdudu, nyonga ziwe pana, mguu ujae. Vijana wa leo huliita umbo la namba nane. Msichana anayelitafuta umbo hilo kwa kuruka milo anatafuta kitu ambacho njaa haiwezi kumpa.

Gharama kwa akili

Maradhi yanayotokana na hali hii si mapya katika vitabu vya tiba. Mwaka wa 1873 madaktari wawili, William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, walieleza, kila mmoja kwa njia yake, habari za wasichana waliokataa chakula hadi wakadhoofika. Ugonjwa huo huitwa anoreksia. Mwaka wa 1979 daktari Gerald Russell akaeleza mwenzake, bulimia, ambao mgonjwa hula kwa pupa kisha akajitapisha au akatumia dawa za kuharisha. Anoreksia ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua kwa kiwango kikubwa zaidi. Baadhi ya wagonjwa huuawa na moyo uliodhoofishwa na njaa, na uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi umeonyesha kwamba takriban kifo kimoja katika kila vitano ni cha kujiua.

Wengi hudhani kwamba akili huugua kwanza, kisha chakula kikafuata. Jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani mwaka wa 1944 na 1945 lilionyesha kwamba mambo yaweza kuanza kinyume. Wanaume 36 wenye afya ya mwili na akili walikubali kupunguziwa chakula kwa muda wa miezi sita, ili madaktari wajifunze namna ya kuwasaidia waathiriwa wa njaa ya vita. Wanaume hao walipopungua, waliacha kucheka. Walijitenga, wakawa wepesi wa hasira, wakasoma vitabu vya mapishi usiku na kuota chakula. Mmoja wao alijikata vidole kwa shoka. Hawakuwa na wendawazimu walipoingia. Njaa ndiyo iliyowafikisha huko. Wao walijua siku ambayo jaribio lingekwisha. Msichana anayejinyima chakula ili apate kukubalika hana tarehe hiyo, kwa kuwa wanaomhukumu hawajamwambia ni lini atakuwa amekonda vya kutosha.

Chukulia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayefika chuoni akiwa na mwili aliourithi kwa mama na nyanya yake. Wiki ya kwanza anapewa jina la utani. Anacheka pamoja na wenzake, kwani anayekasirika huonekana hana ucheshi. Anaanza kuacha chakula cha jioni, kisha cha mchana. Anabaki na chai ya rangi na tufaha. Mwezi wa tatu wenzake wanamsifu, na anaporudi likizoni shangazi zake wanamwuliza siri yake. Hakuna anayejua kwamba hawezi kuusoma ukurasa mmoja akaumaliza, kwamba hedhi yake imekatika, kwamba anaogopa sherehe kwa sababu kuna chakula, na kwamba akisimama mbele ya kioo anamwona yuleyule aliyepewa jina la utani. Mgonjwa wa malaria hapongezwi kwa kutetemeka. Huyu hupongezwa kwa dalili za ugonjwa wake, na kila pongezi inamsukuma hatua moja mbele.

Wavulana hawakusalimika. Kimbaumbau huchekwa kwa kukosa kifua, na mnene huchekwa kwa kuwa na kifua kisichostahili. Wao huumia kwa kimya zaidi, kwa kuwa wamefunzwa kwamba habari za mwili na chakula ni habari za kike.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba unene ni hatari kwa afya na kwamba kuutetea ni kupotosha umma. Hatari hiyo ipo. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba takriban thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiwango kinachopendekezwa, na uzito wa namna hiyo una uhusiano na kisukari na shinikizo la damu. Lakini lugha ya afya na lugha ya aibu ni mbili. Daktari humweleza mgonjwa faraghani, akampima damu, akamwuliza kuhusu kazi yake na chakula anachomudu. Anayemcheka mtu mbele ya meza ya chakula hajampima chochote. Aliyeaibishwa huenda akalikimbilia lilelile analoaibishiwa, na humwepuka hata daktari ambaye angemsaidia.

Wengine watauliza: katika nchi ambayo ukame wa mwaka wa 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo na kuwaacha mamilioni wakihitaji msaada wa chakula, je, kumsikitikia anayekataa sahani iliyojaa si anasa? Swali hili lina uzito na halifai kudharauliwa. Hata hivyo, mgonjwa huyu hakatai chakula kwa kushiba wala kwa jeuri. Njaa anaisikia, anachokosa ni ruhusa ya kula, na ruhusa hiyo amenyang'anywa na watu wanaomzunguka. Kumnyamazia hakumpelekei mtoto wa Turkana hata kibaba kimoja cha unga. Fikra kwamba haya ni maradhi ya matajiri na Wazungu ina madhara yake pia: mzazi, mwalimu au hata muuguzi mwenye fikra hiyo hawezi kuyatambua yakiwa mbele ya macho yake.

Kundi la tatu litajitetea kwa methali: maneno makali hayavunji mfupa. Methali hiyo ina hekima yake kwa mtu anayetukanwa sokoni na mpita njia. Lakini neno linalorudiwa kila siku na watu wa karibu hufanya kazi nyingine. Halivunji mfupa, ila huuvua nyama hadi ukaonekana.

Wajibu wa wanakiswahili

La kwanza ni istilahi. Neno "anoreksia" lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni kukosa hamu ya chakula. Jina hilo linapotosha, kwa sababu mgonjwa kwa kawaida ana hamu na anapigana nayo usiku na mchana. Kiswahili kinaweza kuutaja ugonjwa huo kwa usahihi zaidi kuliko Kigiriki. Kitenzi "kuhini" kipo, chenye maana ya kumnyima mtu kilicho haki yake. "Maradhi ya kujihini chakula" ni jina linalosema kinachotendeka na linalomwonyesha mtendaji na mtendwa kuwa mtu mmoja. Vivyo hivyo, maneno "sonona", "unyogovu" na "mfadhaiko" yanatumiwa kwa kupishana kila kunapotajwa huzuni iliyogeuka maradhi. Sheria ya afya ya akili nchini Kenya ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, lakini sheria haimsaidii mwanafunzi anayeketi mbele ya mshauri bila neno la kuelezea kinachomsibu. Tasnifu za isimu zikielekezwa huko, zitakuwa na msomaji anayezihitaji kweli.

La pili ni fasihi. Mhadhiri anayefundisha usawiri wa wahusika ana nafasi ya kuuliza kwa nini shujaa wa kiume huletwa kwa matendo yake ilhali wa kike huletwa kwa kiuno chake. Mtunzi chipukizi naye ajaribu kumsawiri msichana anayependwa bila kumpima. Akiona vigumu, ugumu huo umfikirishe.

La tatu ni dogo na linaweza kuanza leo. Kiswahili ni lugha iliyobarikiwa salamu. Mtu huulizwa habari za asubuhi, za masomo, za nyumbani, za siku nyingi. Mkubwa huamkiwa shikamoo. Hakuna hata moja kati ya salamu hizo inayomtaka msalimiaji amkague mwenzake kutoka unyayo hadi utosi. "Umenenepa" na "umekonda" yamejipenyeza katika nafasi ya salamu bila kualikwa, na vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuwa mahali pa kwanza ambapo hayasikiki. Na pale ambapo mtu amekonda kweli, swali la kale lirudi: kulikoni? Aulizwe faraghani, asikilizwe, na ikibidi asindikizwe hadi kwa mshauri au daktari badala ya kuachwa aende peke yake.

Wahenga hawakuhitaji mizani wala picha ili kujua kwamba anayekonda ana jambo. Walimtazama usoni, wakamwekea chakula, wakamwambia asikonde. Neno hilo lingalipo katika lugha. Lililobaki ni liambiwe tena wale wanaolihitaji, kwa maana yake ileile.